Nilipanda Sukuma, Nikafungua Hoteli

Jo, mimi nilipanda sukuma wiki ili nisinunue sukuma. Hiyo ndiyo ilikuwa mpango yote. Miche arobaini nyuma ya nyumba hapa Free Area, nikapiga hesabu kichwani, shilingi ishirini kila jioni mara siku thelathini, nikaona hadi pesa ya tokeni ya stima imepatikana. Kumbe nafungulia watu hoteli.

Siku nageuza jani nichume nakuta chini kumejaa unga wa kijivu, nikadhani ni vumbi, si unajua Nakuru na vumbi ni mtu na shemeji yake. Halafu vumbi ikatembea. Vidukari! Wamebanana kama abiria wa matatu ya mwisho, kila mmoja ametia mrija kwa mshipa wa jani anavuta, jani limejikunja kama mtu tumbo inamuuma, na linanata, kwa sababu hawa wakishanyonya wanakojoa sukari. Kwangu sukari inafungiwa kwa kabati na mama watoto ndiye ana ufunguo, lakini mdudu anaimwaga tu hovyo.

Na usidhani wanahangaika na mahari. Jike anazaa bila dume, hatagi hata yai, anatoa mtoto mzima na miguu yake, na kukiwa na joto huyo mtoto baada ya wiki moja hivi naye ni mama. Wakijaa sana wengine wanaota mabawa, wanahamia mche wa pili. Landlord alinipandishia nyumba mwaka jana na mimi sikuota hata unyoya.

Sasa ushauri, wueh, hapa plotini kila mtu ni daktari. Jirani akasema wapige maji kwa nguvu. Nikapiga, wengine wakaanguka ndiyo, lakini hawa wa sukuma wana nta mgongoni, maji yanateleza tu kama kwa bata. Akasema basi weka sabuni ya maji, kijiko kimoja kwa lita. Kijiko! Nikaona huyo ni mtu mkono birika, nikachukua sabuni ya unga ya kufua, nusu pakiti kwa mtungi wa lita tano, nikajaza ile chupa ya kupulizia nywele ya mama watoto (hiyo kesi bado inaendelea), nikapuliza saa saba mchana jua likiwaka. Kufika jioni majani yamebabuka kahawia, na vidukari wako salama salmini, maana wao wanakaa chini na mimi nilipuliza juu. Niliwaoshea mabati.

Shosho akapiga simu akasema majivu. Mwingine mwarobaini. Mwingine pilipili, hiyo nilisaga vizuri nikasahau nikakuna jicho, tuachane na hiyo. Mjomba wa Molo ndiye alinichekelea kabisa, ati kijana wa Nakuru analia na wadudu na sisi ndio tulikuwa tunauzia dunia pareto, yale maua ya dawa ya wadudu? Akaniletea maua makavu kwa karatasi ya gazeti, akaniambia loweka upulize jioni kwa sababu jua linaua nguvu yake, na nichunge, pareto haiulizi mdudu kitambulisho, mbaya na mzuri wote wanalala.

Mimi nikauliza, mdudu mzuri ni nani tena?

Hapo ndipo kijana wangu wa Grade 4 akaja kuniangalia nikiwa nimeinama na slipa mkononi. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepata maadui wapya, vitu vyeusi vya madoa ya machungwa, virefu, vinatembea kama mamba mdogo amekosa usingizi, nikaviua kumi na saba, nilihesabu. Mtoto akaangalia ile maiti akasema, "Baba, hao ni watoto wa ledibadi, kale kadudu ka mviringo ka madoa. Ndio hukula vidukari." Yaani nilikuwa nimeletewa polisi wa bure nikawamaliza na slipa. Na wale sisimizi niliokuwa nawaachia nikidhani wanasafisha? Hao kwa vidukari wengi ndio masoja wa geti, wanalamba ile sukari na kufukuza ledibadi akikaribia.

Saa hii naamka na tochi saa kumi na moja kabla ya kazi, kijiko kimoja kwa lita, chini ya jani, taratibu kama napaka mtoto mafuta, nikiona kamamba nakaruka na heshima zake. Jana mama watoto akanituma kwa mama mboga, sukuma ya ishirini, maana yetu bado inapona. Nikaanza kugeuza majani moja moja. Mama mboga akaniangalia weee, akauliza, "Baba, kwani unatafuta nini?"

"Watoto wa ledibadi," nikamwambia. "Hata wawili tu."

Akanifungia haraka, na chenji hakuhesabu.