Faragha si anasa ya wenye hela

Hili la kulipishwa ili usichunguzwe linanikera kupita kiasi. Novemba 2023 Meta iliwapa watumiaji wa Facebook na Instagram barani Ulaya njia mbili tu: lipa kuanzia yuro 9.99 kwa mwezi, au kubali taarifa zako zitumike kukulenga kwa matangazo. Yaani asiye na hela ndiye wa kuchunguliwa! Ni kama mwenye nyumba akupangishe chumba, kisha akudai kodi ya ziada ili aache kukuchungulia dirishani. Tume ya Ulaya ilisema mpango huo unavunja sheria, na Aprili 2025 ikaipiga Meta faini ya yuro milioni 200. Walistahili, na kwa kampuni tajiri kiasi kile naona hata ni kidogo.

Twitter nayo, Machi 2023, iliwakatia watumiaji wake wasiolipa ada ile huduma ya kutumiwa namba ya uthibitisho kwa meseji wanapoingia kwenye akaunti. Njia nyingine za kuthibitisha zilibaki bure, sawa. Lakini anayehitaji ulinzi huo zaidi ni yule asiyezoea mambo ya mitandao, na ndiye aliyenyang'anywa njia pekee aliyoielewa.