Kabla ya kuruka majini Lake Powell, ulizeni kwanza maji yako wapi

Jamani hii safari ya Lake Powell naona imepamba moto kwenye magrupu yetu ya huku Arizona, Marekani, kila siku mtu anatupia video ya vijana wanajirusha kutoka kwenye majabali mekundu, maji ya bluu tupu, na chini yake meseji hamsini za "hapa ni wapi na sisi twende". Mimi safari naiunga mkono tena sana, watu wanafanya kazi usiku na mchana wanahitaji kutoka. Ninachokataa ni kupanga kuruka kwa kufuata video.

Powell tunaiita ziwa lakini ni bwawa. Ukuta wa Glen Canyon ulianza kuzuia mto Colorado mwaka 1963, maji yakachukua miaka 17 mpaka kujaa kabisa mwaka 1980, na tangu hapo ni kupanda na kushuka, inategemea theluji iliyoanguka kwenye milima ya Rocky na maji yanayofunguliwa kwenda kwenye miji na mashamba huko chini. Mwanzoni mwa 2023 yalishuka kuliko wakati wowote tangu bwawa lijae, karibu mita 55 chini ya alama ya kujaa, halafu theluji ya mwaka huohuo ilipoyeyuka yakapanda zaidi ya mita 15 ndani ya miezi michache. Ukifika pale utaona mkanda mweupe kwenye miamba, ile ni chokaa iliyoachwa na maji, ndiyo inakuonyesha yalikuwa yanafika wapi.

Sasa chukua jabali moja tu tupige hesabu. Mwaka ule video inachukuliwa kulikuwa na jiwe mita 8 chini ya maji na kijana karuka kutoka mita 4, katoka anacheka. Maji yakishuka mita 6 jabali ni lilelile, pembe ya kamera ni ileile, lakini wewe unaruka kutoka mita 10 na jiwe liko mita 2 tu chini ya miguu yako. Yaani maji yakipungua unapigwa mara mbili, urefu unaongezeka na kina kinapungua kwa wakati mmoja, na video haitakwambia.

Vijana wa makachu, wale wanaojirusha baharini pale Forodhani Unguja, hili hawafundishwi na mtu, wanajua maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi, na yakikupwa hawajirushi. Bwawa halikupi bahati hiyo ya kuyaona maji yakiondoka mbele ya macho yako, linashuka kidogo kidogo kwa miezi. Kwa hiyo kabla ya kutoka Phoenix tuangalie kimo cha maji, Bureau of Reclamation, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mabwawa, wanakitoa kila siku bure, na tukifika mtu anayeogelea vizuri kwelikweli avae miwani ya maji azamie palepale tunapotaka kutua, siku hiyohiyo. Siyo jana, na siyo "mwaka juzi tuliruka hapa". Kuanzia Julai mpaka Septemba mvua za ghafla zinasomba mchanga, magogo na mawe kuingia kwenye yale makorongo ya pembeni, na maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Kama huoni chini, haturuki, tunaogelea tu tunachoma nyama na siku inaisha vizuri.

Kuhusu urefu najua nitaudhi watu. Sheria ya hifadhi ya Glen Canyon inakataza kuruka kutoka futi 15 na zaidi, hiyo ni kama mita nne na nusu, na mimi nasema hata kama hakuna askari wa hifadhi anayeangalia tubaki chini ya hapo. Kutoka mita 10 unagonga maji kwa karibu kilomita 50 kwa saa. Wale wa mashindano ya dunia wanaoruka mita 27 ni watu wa mazoezi ya miaka, wanatangulia miguu, na kuna wazamiaji wanawasubiri ndani ya maji. Sisi tutakuwa na nani? Kwenye yale makorongo simu mara nyingi haishiki na msaada unakuja kwa boti au helikopta. Kwa hiyo miguu kwanza, imebanana, mikono imeshika mwili, kichwa kisitangulie hata kama maji ni marefu. Na akitokea mtu ameumia shingo au mgongo msimvute kwa mkono kumpandisha kwenye boti, mgeuzeni uso juu taratibu, kichwa na mwili viende pamoja, mshikilieni hivyo aendelee kupumua mpaka msaada ufike.

Viatu vya maji mje navyo, siku hizi miamba ina kome wadogo waitwao quagga, magamba yao yanakata kama wembe na utawakanyaga wakati wa kupanda kutoka majini. Maji ya Aprili na Mei bado ni ya baridi hata jua likiwa linachoma, ukiingia ghafla unavuta pumzi bila kutaka na kama kichwa kiko chini unavuta maji. Halafu boti: injini na jenereta vizimwe watu wakiwa majini, ule moshi una hewa ya sumu isiyo na harufu na umeshaua waogeleaji nyuma ya boti huko Powell.

Lakini linaloniumiza roho kuliko yote ni kumhesabia mtu. Mtu kasimama juu, simu kumi zinamrekodi, watu wanapiga kelele moja, mbili, tatu. Wengi wetu hatukukua na maji, na kuna ndugu zetu wanaona aibu kusema mbele ya watu kwamba hawajui kuogelea. Huyo akivaa laifu jaketi na kuruka kutoka juu bado si salama, linaweza kumpanda likampiga kidevuni. Aruhusiwe kushuka kwa miguu bila mtu kumtania. Na pombe ikishafunguliwa kuruka kumekwisha kwa siku hiyo, kwa kila mtu.

Napendekeza twende mwishoni mwa Juni, kuruka tufanye asubuhi kabla upepo wa mchana haujachafua maji, na tuchague watu wawili ambao hawaruki kabisa, kazi yao ni kukaa majini na boya na kamba. Mimi najitolea kuwa mmoja wao, bado anatafutwa wa pili. Wanaotaka majabali marefu waseme mapema tusiwahesabu, ili tujue boti ni ya watu wangapi.