Changarawe Gani Hii?

Hivi anayechora hizi njia za baiskeli huwa amezipita kweli, au anavuta mstari tu kwenye simu akiwa kitandani? Programu imeandika "changarawe", kilomita 40, kando ya mto kisha ndani ya msitu. Picha inapendeza, maji yanang'aa. Nikaingia mzima mzima.

Kilomita sita za kwanza, sawa. Kisha mto unapiga kona, na njia inageuka ule mchanga laini unaoachwa kingoni na mafuriko. Tairi la mbele linazama, usukani unajigeuza wenyewe, wewe huyo chini. Matairi yangu yana upana wa milimita 40 na nilishatoa upepo mpaka yanabonyea kwa kidole. Wapi! Nikashuka. Baiskeli niliyoinunua inibebe, nikaibeba mimi.

Msituni ndiyo balaa kabisa. Mizizi imetambaa njiani, imelowa, imefunikwa majani. Ukiikanyaga kwa mshazari umekwisha. Mbele mti umeanguka, programu inasema "endelea moja kwa moja". Niendelee wapi, nipae?

Na ule udongo wa mfinyanzi (sijui nani aliuita changarawe) unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Nilikaa kwenye gogo nikiuchokonoa kwa kijiti kama mtu anayechokoa meno baada ya pilau.

Mchanga ni mchanga, jamani. Andikeni mchanga! Na matope yaandikeni matope, nije na mabuti.