Kuchemsha au kuchuja: kahawa ya nyumbani ipikwe vipi?

Wanywaji wa kahawa wana ubishi wao usiokwisha. Wapo wanaosema kahawa haichemshwi: ukiichemsha umeiharibu, na kinachobaki ni uchungu mtupu unaotafutiwa tangawizi ili unyweke. Wengine wanajibu kwamba kahawa ya kudondoshewa maji kwenye karatasi ni maji ya rangi tu. Mpe aliyezoea kahawa chungu na kashata, atakuuliza kama kahawa yenyewe umeisahau. Kila upande una hoja. Tatizo ni kwamba wanabishania chombo, ilhali jambo linaloamua ni jinsi buni ilivyokaangwa na jinsi ilivyosagwa.

Tuanze na dele, birika la kuchemshia kahawa la pwani, kwa kuwa ndilo linalosemwa vibaya zaidi. Kahawa ya pwani hukaangwa mpaka iwe nyeusi, kisha hutwangwa laini. Ukaangaji wa namna hiyo huondoa sehemu kubwa ya uchachu na harufu ya matunda, kwa hiyo hakuna cha kulindwa sana. Unga ukiwa laini, maji ya moto hunyonya ladha yake kwa dakika moja au mbili, na baada ya hapo kinachotoka ni uchungu na ukakasi. Basi anayeharibu kahawa si mchemko wenyewe, ni muda. Muuza kahawa wa mtaani hana budi kuliacha dele juu ya makaa jioni nzima. Wewe wa nyumbani unaharakishwa na nani?

Kwa nusu lita ya maji, tumia gramu 35 za unga, sawa na vijiko saba hivi vya chakula vilivyosawazishwa. Chemsha maji kwanza na kipande cha tangawizi kilichopondwa, dakika tano. Punguza moto, tia kahawa, koroga mara moja. Povu likipanda hadi karibu na mdomo wa chombo, epua. Likishuka, rudisha motoni. Fanya hivyo mara tatu, basi. Funika dakika tano, nyunyizia vijiko viwili vya maji baridi ili mashapo yashuke upesi, kisha mimina polepole na fundo la mwisho uliache humo humo. Sufuria inafaa vilevile, ila ukimimina utahitaji kipawa au mkono mtulivu.

Hoja ya wanaopinga kuchemsha inapata nguvu kahawa ikiwa ni arabika, aina yenye harufu nzuri, ya Kilimanjaro au Nyeri iliyokaangwa wastani, rangi ya hudhurungi na isiyong'aa mafuta. Hapo umelipia harufu na ule uchachu mtamu, na harufu ndiyo ya kwanza kuondoka na mvuke. Jiko likinukia nyumba nzima ujue inayonukia haimo tena kikombeni. Hata hivyo si sheria ya kila mahali: Saudia buni hukaangwa kidogo tu, ikabaki na rangi ya dhahabu, kisha huchemshwa na iliki na kunywewa kwa tende, na hakuna anayelalamika. Lakini kinywaji hicho kimekusudiwa kuwa cha viungo, na iliki ndiyo inayoongoza.

Kuchuja kwa karatasi kulianzia Ujerumani. Mwaka 1908 Melitta Bentz wa Dresden, aliyechoshwa na mashapo na uchungu, alitoboa chombo kwa msumari na kukitandika karatasi ya kukaushia wino. Kazi yake ni ileile hadi leo, na faida moja haihusu ladha: karatasi hunasa mafuta ya kahawa, yakiwemo yenye kafestoli, ambayo hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya kwenye damu. Kahawa ya kuchemsha isiyochujwa ndiyo yenye kafestoli nyingi. Kwa mnywaji wa kikombe kimoja kimoja hilo si la kumkosesha usingizi. Kwa mwenye lehemu juu anayekunywa vikombe vitano kila siku, ni sababu tosha ya kununua karatasi.

Kwa kikombe kimoja cha karatasi, weka gramu 15 kwa mililita 250. Lowesha karatasi kwa maji ya moto na uyamwage, la sivyo utaionja karatasi. Mimina mililita 40 hivi na usubiri sekunde 30 hadi 45. Kahawa iliyokaangwa karibuni itavimba na kutoa povu, kwa sababu hewa ukaa iliyobaki ndani ya punje inatoka. Isipoachwa itoke, maji hupita kandokando bila kupenya. Isipovimba kabisa, imekaa sana dukani. Maji yaliyobaki yamimine kwa duara, taratibu, na yote yawe yameshuka kufikia dakika ya tatu.

Hapa ndipo wengi hukwama. Unga wa pakiti za dukani mara nyingi umesagwa laini mno kwa karatasi, nao huziba. Maji husimama dakika sita au saba na kikombe kinatoka kichungu kuliko cha dele. Mtu analaumu karatasi, ilhali ule unga ulifaa kuchemshwa. Pia koni, kile chombo kinachoshika karatasi, hutoa kikombe kimoja au viwili kwa mkupuo. Siku ya wageni kumi barazani, nani atasimama jikoni akimimina kwa duara?

Suala la joto la maji linakuzwa kupita kiasi. Wataalamu hutaja nyuzi 90 hadi 96. Dar es Salaam maji huchemka yakiwa kwenye 100, basi yaache nusu dakika au dakika moja baada ya kuepua. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka kwenye 94 tu. Huko kusubiri ni kuyapoza bure.

Kati ya kambi hizo mbili kuna jagi la kioo lenye chujio la kusukuma, na kwangu hilo ndilo linalowafaa wengi zaidi: halitaki karatasi, linahifadhi mafuta yanayoipa kahawa uzito mdomoni, na halihitaji ustadi wa kumimina. Gramu 30 za kahawa iliyosagwa chengachenga, nusu lita ya maji, dakika nne. Vunja ukoko wa juu kwa kijiko, engua povu, sukuma polepole. Ukihisi chujio linagoma, usilazimishe. Unga ni laini mno, na maji ya moto yanaweza kukurukia mikononi. Kisha mimina yote, kwani iliyobaki juu ya mashapo huzidi kuwa chungu. Kafestoli, lakini, haizuiwi na waya wa chujio hilo.

Moka, ile birika ya Kiitalia ya vyumba viwili, ni ya wapenda kahawa nzito na maziwa. Maji yasifunike vali, unga usishindiliwe, moto uwe mdogo, na uepue mara inapoanza kukoroma. Kwenye jiko la mkaa ni taabu, maana moto haupunguziki upesi.

Kama fedha zinatosha kununua kitu kimoja, kiwe mashine ya mkono ya kusagia yenye meno yanayorekebishika, si chombo kipya cha kupikia. Mashine ya visu ya kusagia viungo hutoa vumbi na mapande kwa pamoja: vumbi linatoa uchungu, mapande yanatoa uchachu, na kikombe kimoja kinabeba kasoro zote mbili. Kama ndiyo uliyo nayo, saga kwa sekunde mbili mbili huku ukiitikisa, kisha pitisha kwenye chujio la chai. Linalodondoka liende kwenye dele, linalobaki juu liende kwenye jagi. Kikombe kikiwa kichachu, saga laini zaidi. Kikiwa na ukakasi, saga kubwa zaidi, bila kugusa kipimo cha kahawa, ili ujue ni nini kilichobadilisha ladha. Na kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, hakuna kati ya njia hizi itakayoiondoa. Kahawa ipikie maji ya kununua.