Pampu Iliyoikana Kadi ya Gari

Anayesema Volkswagen Beetle ni gari rahisi kutengeneza, muulize kama amewahi kuitafutia pampu ya mafuta. Kadi ya Beetle yangu inasema ni ya 1968, na kadi hiyo nilikuwa naiamini kama cheti cha ndoa.

Gari lilianza kukohoa kwenye vilima, na kijiti cha kupimia oili kikawa kinanuka petroli. Shemeji akakinusa, akakirudia tena, akatoa hukumu: "Shem, kiwambo cha pampu, ule utando unaosukuma petroli, kimechanika. Petroli inavujia ndani ya injini. Agiza nyingine."

Shemeji si fundi. Ni mwalimu wa hesabu mwenye boksi la spana, na huyo ni hatari kuliko fundi mbovu, maana akiharibu anakuthibitishia kwamba hajaharibu.

Muuza vipuri aliuliza swali moja tu kwenye simu. "Ya mwaka gani, bosi?"

"1968."

"Imeisha hiyo."

Pampu ikaja, imesimama wima, inang'aa. Shemeji akaishusha mahali pake, ikagoma. Kichwa chake kinagonga alteneta, ile mashine ya kuchaji betri. Akaizungusha, akaisukuma, akaitukana kwa upole, kisha lawama zote zikanigeukia mimi niliyeshika tochi. Halafu akanyamaza.

"Shem, Beetle ya 1968 imetoa wapi alteneta?"

Kweli. Za miaka hiyo zilitoka kiwandani na dinamo, chaja ya kizamani. Alteneta zilikuja miaka ya 1970, na kwa vile ni nene, pampu ikabidi itengenezwe ya kulala upande ili ziishi pamoja. Kwa hiyo kuna bwana aliyeimiliki kabla yangu akaipachika injini ya baadaye, akauza gari, akajiondokea kimya kimya. Nikampigia muuza vipuri.

"Bosi, si ulisema 1968?"

"Gari ni la 1968. Injini siyo."

"Sasa gari ni la mwaka gani?"

Tulibishana mpaka salio likakata.

Pampu ya kulala ikafika, na ndani ya pakiti tukakuta kijiti kipya cha chuma, kile kinachosukumwa na kamu inayozunguka ndani ya injini ili kiiendeshe pampu. Shemeji akafurahi, akatupa cha zamani kwenye matambara. Akakaza nati kwa spana namba 13. Zikawa nzito ajabu. "Kitu kipya lazima kibane," akasema, huku mshipa wa shingo umemtoka.

Nikaingia, nikawasha. Ikawaka! Mlio safi kabisa. Nilikuwa naanza kuimba niliposikia harufu, nikatazama kwenye kioo, nikamwona shemeji anakimbia. Hakuniita, hakugeuka, wala hakuangusha spana. Injini ya Beetle iko nyuma na tanki liko mbele, kwa hiyo mimi nilikuwa nimekaa katikati ya habari zote mbili. Nikazima, nikatokea dirishani. Mlango ulikuwa wazi.

Kabureta, linalochanganya petroli na hewa, lilikuwa linafurika, petroli inatiririka juu ya injini. Shemeji nilimkuta nyuma ya ukuta.

"Nilikuwa nafuata mchanga," akasema.

Nikachomoa waya wa betri, tukaliacha gari likauke, na hakuna aliyelisogelea mpaka harufu ilipoisha. Kisha shemeji akatoa rula mfukoni. Rula! Muda wote alikuwa nayo. Kijiti kipya: milimita 108. Cha zamani, tulichokifukua kwenye matambara: 100. Kirefu ni cha injini za dinamo, kifupi ni cha alteneta. Zile milimita 8 zilikuwa zinakisukuma kiwambo kupita kiasi, pampu inatema petroli kwa nguvu ambayo kabureta haliwezi kuizuia.

Tukarudisha kifupi. Safari hii akazungusha injini kwa mkono hadi kijiti kikafika juu kabisa, akapima kilivyochomoza, na gasketi ikiwa mahali pake: milimita 13, ndivyo inavyotakiwa. Nati zikaingia kwa vidole. Kiwambo cha pampu mpya, kwa bahati, kilikuwa kizima. Nikawasha huku mguu mmoja uko nje. Ikanguruma, kabureta kavu.

Shemeji akapangusa mikono, akalala chali chini ya gari, akakaa huko muda mrefu.

"Shem," akaita, "na hii gaboksi, kadi inasemaje?"

Nikamvuta miguu.