Bwawa la shemeji

Mimi naoga kwa ndoo ya lita kumi. Nikiwa na haraka, nusu yake. Ndivyo nilivyooga miaka yote ya Tabata, hapa hapa Dar, na ndivyo ninavyooga sasa tulivyohamia Mbezi Beach kulinda nyumba ya shemeji, maana msidhani ukihamia Mbezi Beach bomba nalo linapanda cheo. Sasa siku moja saa nane usiku simu ikalia. Ujumbe wa sauti, dakika tano na ushee. Salamu dakika nne, kisha mwishoni: "Shem, Krismasi tunakuja na watoto. Naomba lile bwawa mlijaze."

Nikakaa kitandani. Nikaitazama ndoo yangu pale mlangoni. Nayo ikanitazama.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, yuko Marekani mwaka wa kumi na tatu huu. Nyumba hii ameijenga kwa simu: anatuma picha, fundi anaangalia picha, fundi anajenga anachokijua yeye. Bwawa lilitoka vizuri, sikatai. Vigae vya bluu, ngazi ya chuma, kila kitu. Ila toka lijengwe lilikuwa uwanja wa mpira wa wanangu, na kwa kuwa sakafu yake ina mteremko, timu inayoshambulia kuteremka ndiyo inayoshinda siku zote. Wanabadilishana magoli kama watu wazima.

Asubuhi nikampigia kumuuliza tunalijazaje. Akacheka. "Mbona rahisi shem. Tumbukiza mpira wa bustani, fungua koki, nenda kalale. Siku mbili limejaa." Fungua koki! Mtu akikaa nje miaka kumi na tatu anasahau hata koki za kwao zina ratiba.

Nikachukua futi ya fundi nikashuka na Neema wangu, yuko darasa la sita. Mita 8 kwa 4. Huku kina mita 1, kule mita 2. Neema akapiga hesabu kwa chaki kwenye sakafu ya bwawa lenyewe, akainua kichwa.

"Baba, ni lita 48,000."

"Rudia."

Akarudia. Lita 48,000. Hayo ni madumu 2,400 ya lita 20. Mimi nina madumu manne, na moja tunaziba kwa gunzi.

Tukaanza na bomba, kwa kuwa ndilo lililosemwa. Maji ya mji huu mengi yanatoka mto Ruvu, yanaanzia huko juu milima ya Uluguru, na mpaka yafike kwetu yameshachoka safari. Mtaani kwetu yanakuja Jumanne na Ijumaa, saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri. Kabla ya maji unatangulia upepo. Bomba linakohoa, linapiga chafya, na mita inazunguka kwa furaha, kwa hiyo hapo nimeshalipia upepo wa Morogoro. Nikapima: ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 80. Yaani lita 900 kwa saa. Saa nne, lita 3,600. Kwa wiki 7,200. Ukitoa yanayonyonywa na jua, kwenye bwawa la ukubwa ule ni kama madumu manane kila siku ya Mungu, tunalijaza kwa wiki nane. Shemeji anaingia baada ya wiki nne.

Tena usiku wa kwanza tu mke wangu akatoka na kanga kichwani, akasimama ukingoni. "Baba Neema, simtanki la ndani halijajaa, nguo za shule hazijafuliwa, wewe unamwagia shimo?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshika mpira kama mtu anayezima moto ambao hauonekani.

Nikamfuata kijana anayeuza maji kwa mkokoteni. Nikamuuliza madumu 2,400 atanifanyia bei gani. Akashusha mikono ya mkokoteni taratibu, akavua kofia. Nadhani alifikiri nimefiwa.

Ndipo jirani yangu mzee wa kona akajitolea kisima chake, nimlipie umeme tu. Akaniambia maji yana "kachumvi kadogo". Wenye visima vya karibu na bahari wote wana msamiati huo mmoja. Ukipikia uji, chumvi utakuwa umeshaitia. Lakini nikasema bwawa si uji. Tukavuta mpira juu ya ukuta, pampu ikanguruma, na maji yakatoka meupe, safi, unaona kigae mpaka chini. Lilipokaribia robo nikapiga picha nikamrushia shemeji. Akarudisha vikatuni vya kupiga makofi.

Fundi wa bwawa akaja akamwaga klorini. Saa moja haikuisha, bwawa likageuka chai ya rangi. Siongezi neno, ilikuwa chai. Mama Salma wa jirani akachungulia ukutani akauliza kama tumeshaweka tangawizi.

Fundi anasema maji yale yana madini ya chuma yaliyoyeyuka, huyaoni kwa macho, ila klorini ikiyagusa yanapata kutu papo hapo. Sasa hayo ungeniambia kabla, ndugu yangu, si ndiyo kazi yako? Dawa yake shabu. Shabu hii hii ya kinyozi. Nikaenda sokoni nikaomba kilo tatu, muuzaji akaniuliza nanyoa ukoo mzima? Tukaimwaga, tukaacha maji yalale, asubuhi kutu yote imekaa chini kama uji wa ulezi, fundi akaivuta kwa mpira polepole asije akaivuruga. Na theluthi ya maji ikaondoka nayo. Nilimuuliza kwa nini tusimwage yote tukaanza upya, akanipa somo lingine: ardhi ya chini ya Mbezi ikishalowa mvua, bwawa tupu linaweza kusukumwa na maji ya chini likanyanyuka zima zima kama mtumbwi. Usiku ule niliota shemeji anashuka uwanja wa ndege, halafu bwawa linampita.

Yakabaki maboza ya maji.

Bei ya boza, jamani, haitegemei maji. Inategemea geti. Dereva akifika anatazama geti kwanza, kisha mbwa, kisha vigae, ndipo anakumbuka dizeli imepanda. Kwa hiyo nilimngoja barabarani nimevaa kandambili, moja ya kijani, moja nyekundu, tukapatana pale pale. Tulipofika nyumbani akaona bwawa. Akanyamaza. "Mzee, hukusema ni swimingi." Nikamwambia ni la shemeji. Akasema maji hayajui shemeji. Akaongeza elfu ishirini.

Halafu boza lenyewe haliingii. Kwenye kona kuna mkungu ambao mwenyewe hataki ukatwe tawi. Utingo akaunganisha mipira mitatu, akafunga viungio kwa vipande vya tyubu, pampu ikawashwa. Kila kiungio kikavuja. Hazikupita dakika mbili, kina mama wa mtaa mzima walikuwa wameshajipanga na ndoo, kiungio cha kwanza kina foleni, cha pili kina foleni, cha tatu kuna mtoto anaogeshwa. Mama Salma kaja na beseni la nguo kabisa. Ukiwafukuza wewe ni mtu mbaya, na Jumamosi una kikao cha mtaa.

Maboza mawili ya kwanza sikuweza kuyapima kwa sababu ya mteremko. La tatu nikalitegea. Maji yalikuwa yameshafunika sakafu yote, nikachora mstari wa mkaa kwenye kigae. Neema alishaniambia: eneo ni mita za mraba 32, kwa hiyo lita 10,000 za boza lazima zipandishe maji sentimita 31. Dereva akazima pampu, akajifuta jasho, akanyoosha mkono wa hela. Nikashusha futi. Sentimita 24.

"Lita 7,680," Neema akasema.

Dereva akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi. "Mzee, vigae vipya vinakunywa."

"Mjomba, vigae havinywi," Neema akasema.

"Basi ni jua."

"Saa mbili asubuhi?"

Akamgeukia utingo, utingo akawa anasoma namba za tairi. Nikamwambia hata tukiwatoa kina mama na mabeseni yao, lita 2,320 si nguo za Mama Salma peke yake. Tukabishana hadi dereva akapunguza elfu kumi na tano, akapanda gari, akachungulia dirishani: "Mzee, huyu mtoto msomeshe sheria." Nimelichukulia kama pongezi.

Hela ya shemeji iliishia hapo kwenye boza la tatu. La nne na la tano msiniulize, mwenye duka anajua, na mke wangu hajui.

Boza la tano limeondoka, vumbi halijatua, nasikia ngurumo. Vuli hiyo! Wiki tatu nilizoichungulia kama mwezi wa Idi haikuonekana. Ikashuka mvua ya kunyeshea watu wenye makosa. Mfereji wa bati nilishauelekeza bwawani toka siku ya kwanza, bati la mita za mraba 150, ikinyesha milimita 40 tu ni lita 6,000 za bure. Bwawa likajaa hadi juu. Yakashuka na majani ya mwarobaini, na mavi ya kunguru ya mwaka mzima, na kiatu cha mtoto kimoja ambacho mpaka leo hakina mwenyewe.

Kunguru nao wakafurahi. Kunguru wa Dar akiokota mfupa mkavu hataki shida, analoweka kwanza. Alikuwa analoweka kwenye karai la Mama Salma, sasa ana bwawa la vigae. Wiki nzima kazi yangu ikawa kuopoa vipande vya chapati kwa chandarua.

Shemeji akaja na familia. Akasimama ukingoni na miwani ya jua, akanikumbatia. Watoto wake wakatumbukia, wangu wakatumbukia, majirani wakatumbukia. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Mwenyeji alikuwa jikoni anahesabu madeni.

Siku ya tatu greda la barabara likapasua bomba kubwa huko mbele. Jumanne hakuna maji, Ijumaa hakuna. Simtanki likaisha Jumamosi jioni, na watu kumi na moja tumo ndani.

Jumapili alfajiri nimetoka kwenda kupiga mswaki, nikamkuta shemeji ukingoni mwa bwawa, taulo kiunoni, kandambili zangu miguuni, ya kijani na nyekundu. Ameinama anachota kwa kopo, anatia kwenye ndoo. Ndoo yangu. Akaisogeza sogeza kuona imejaa kiasi gani, kisha akanitazama.

"Shem, lita kumi zinatosha kweli?"

"Zinatosha. Ukiwa na haraka, nusu."