Kabla Hajafungua Kinywa

Nimesimama jukwaani mara nyingi kutambulisha watu, na ipo mara moja ambayo bado inaniuma. Nilikuwa namkaribisha fundi wa kujalidi vitabu. Wiki moja kabla tulizungumza kwa simu, akanisimulia maisha yake bila kuficha, tangu alivyojifunza kushona kurasa hadi jambo moja zito lililomfikisha kwenye kazi hiyo. Nami, kwa hamu ya kutaka ukumbi umpende, nikalitaja jambo hilo. Watu wakaguna, wengine wakapiga makofi. Akapanda, akashika kipaza sauti, akanyamaza. Kisha akasema, "Amekwisha kuwaambia." Alitumia dakika 6 kati ya 15 alizopewa, akashuka. Jambo lile alikuwa amelitunza kwa ajili ya mwisho wa maneno yake. Sitalirudia hapa.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu wa maandalizi wanauona mkali: utambulisho ni sehemu ya hotuba, ila husemwa na mtu mwingine. Ukiuvuruga, umevuruga kazi ya mwenzako kabla hajafungua kinywa.

Nayasema haya sasa kwa sababu nimepewa tena kazi hiyo. Tunaandaa siku ya mawazo, ambapo watu wa jamii wanazungumza na jamii yao, na tuna wazungumzaji watano: mkunga mstaafu, mwalimu wa hisabati ambaye ni kiziwi, mchimba makaburi, profesa wa sayansi ya udongo, na mwanafunzi wa kike wa miaka 17. Nimekaa na karatasi hizi tano kwa wiki kadhaa. Nimeandika, nimefuta.

Kosa la kwanza tunalolizoea ni kumsomea mtu wasifu wake. Amesoma wapi, amepata tuzo gani, ameketi kwenye bodi ngapi. Mtu yuko pale pale, hai, amesimama pembeni ya jukwaa mikono ikimtetemeka, nasi tunasoma karatasi kama ya maziko yake. Na tukiona wasifu ni mfupi tunaanza kupiga chuku: "mashuhuri", "wa kipekee", "asiye na mfano". Huko ni kumvika mgeni kilemba cha ukoka. Anapanda akiwa na deni la kuufikia ukubwa tuliomtangazia, na hadhira inakaa kumpima badala ya kumsikiliza.

Royal Institution, taasisi ya sayansi ya London, wana utaratibu tofauti kabisa katika mihadhara yao ya Ijumaa jioni, iliyoanzishwa na mwanasayansi Michael Faraday miaka ya 1820. Kwa desturi, saa ikigonga mzungumzaji huingia na kuanza palepale. Hatambulishwi, wala yeye hasalimii. Nauheshimu utaratibu huo, lakini kwetu haufai. Pale watu wamekuja kumsikia mtu mmoja wanayemjua kwa jina. Kwenye siku kama yetu wanakuja kwa ajili ya mmoja, pengine ndugu yao au mwalimu wao, halafu wanakutana na wanne wasiowajua. Mtu aliyekuja kumsikia profesa anahitaji kupewa sababu ya kumsikia mchimba makaburi. Sababu hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu wanaolifanya hawajioni. Sikiliza siku moja namna watu mbalimbali wanavyotambulishwa katika kikao kimoja. Profesa anaitwa profesa, kwa majina yake mawili, na cheo chake kinarudiwa mara tatu. Mkunga mwenye miaka 40 kazini anaitwa "mama yetu". Kijana anaitwa "mtoto wetu", na lazima aongezewe "licha ya umri wake mdogo". Fundi anaitwa "ndugu yetu kutoka mtaani". Maneno haya yana upendo, sikatai. Lakini yule mmoja amepewa elimu na hawa wengine wamepewa undugu, na hadhira imekwisha kujua nani wa kuandikia daftarini na nani wa kuonea huruma.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa namna madaktari wanavyotambulishana katika mihadhara ya hospitali. Hawa wote walikuwa wasomi wenye shahada. Wanaume walipowatambulisha wanaume wenzao, walitumia cheo cha udaktari asilimia 72.4 ya nyakati. Walipowatambulisha wanawake, asilimia 49.2. Wanawake waliotambulisha walitumia cheo kwa karibu kila mtu. Nilipolisoma hilo nilizitoa karatasi zangu za miaka iliyopita nikazipitia kwa kalamu nyekundu. Nilichokiona kilinifanya niweke kanuni moja: kama mmoja anaitwa kwa cheo cha kazi yake, wote wanaitwa kwa kazi zao. Profesa wa udongo. Mkunga. Mchimba makaburi. Mwalimu wa hisabati. Mwanafunzi ni mwanafunzi, na hiyo ni kazi.

Sasa bango letu limetoka, na limependeza. Wanawake watatu, wanaume wawili, uzee na ujana, ofisi na jembe. Wapo walionipongeza kwa mchanganyiko huo. Nawashukuru, lakini bango halisemi nani ana dakika ngapi. Halisemi nani anazungumza ukumbi ukiwa umejaa na watu wakiwa macho, na nani amesukumwa kwenye saa ile ya baada ya chakula cha mchana. Mchanganyiko wa kweli uko kwenye ratiba, na ratiba huwa haipigwi picha.

Mfano ninaourudia kila kikao cha maandalizi ni wa tarehe 28 Agosti 1963. Watu wapatao 250,000 walikusanyika Washington, Marekani, kudai kazi na uhuru kwa watu weusi, na dunia inaikumbuka siku hiyo kwa hotuba ya Martin Luther King, aliyekaribishwa na A. Philip Randolph, kiongozi wa maandamano hayo. Anna Arnold Hedgeman, mwanamke pekee katika kamati ya maandalizi, alikuwa amelalamika mapema kwamba orodha ya wazungumzaji haina mwanamke hata mmoja. Kilichopatikana ni kipengele cha kuwaenzi wanawake wapigania haki. Daisy Bates, aliyewasimamia wanafunzi tisa weusi walioingia shule ya sekondari ya Little Rock mwaka 1957, alisema maneno yasiyofika 200. Rosa Parks, yule aliyekataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi, alitajwa jina, akapigiwa makofi. Naitazama siku ile kwa heshima kubwa na bado najiuliza Rosa Parks angesema nini kama angeachiwa dakika 10. Wanawake walikuwepo jukwaani. Walitambulishwa. Kilichokosekana ni muda.

Kwa hiyo kwetu kila mmoja ana dakika 15, profesa na mwanafunzi sawasawa, na sikukubali kulegeza. Mpangilio nao nimeugombania. Kuna aliyependekeza profesa afungue "ili kuweka uzito" na mchimba makaburi afuate baadaye "kupunguza uchovu". Nilikataa. Hawa wawili watafuatana, tena mchimba makaburi ndiye wa kwanza, kwa sababu wote wawili wanazungumzia kitu kimoja: udongo. Mmoja anaujua kwa maabara, anaweza kukueleza kwamba sentimita chache tu za udongo wa juu huchukua mamia ya miaka kujiumba. Mwingine anaujua kwa mikono. Aliniambia kwamba jembe likigota humwambia amefika tabaka gani kabla hajatazama, na kwamba upande mmoja wa makaburi maji hutokea mapema kuliko upande mwingine, hivyo lazima ajue mvua ya mwisho ilinyesha lini. Profesa aliposikia hayo alinyamaza, halafu akaomba namba ya simu ya mwenzake. Wamekwisha kukutana mara mbili. Utambulisho wao utakuwa mmoja, nao ni huu: "Wanaofuata wote wawili wanachimba. Wasikilizeni kwa pamoja."

Mwanafunzi amepima kelele za darasani kwao kwa muhula mzima, kila siku saa zilezile, akaandika. Sitasema licha ya chochote. Nitasema alichopima, na kwamba namba anazo.

Kwa mwalimu wa hisabati nilijifunza mengi nisiyoyajua. Nilikuwa nimeandika utambulisho wa kuhuzunisha, kuhusu ukimya na ushindi. Alipousoma alinijibu kwa ujumbe mfupi kwamba hakuja kuzungumzia masikio, amekuja kuzungumzia pembetatu. Anafundisha kwa lugha ya alama, na anadai kwamba mikono huonyesha umbo na mwendo wa jambo la hisabati kwa namna ambayo sauti haiwezi, kwa kuwa mikono ina nafasi ya kuchora hewani. Hilo ndilo nitakalolisema. Mengine nitakayosema ni ya hadhira: mtazameni yeye, msimtazame mkalimani, na makofi yenu yawe ya kuinua mikono na kuitikisa, ayaone. Taa za ukumbi hazitazimwa. Wakalimani watakuwa wawili, wapokezane, na wamepewa maandishi ya hotuba siku nyingi kabla, maana mtu hawezi kutafsiri hesabu alizokutana nazo papo hapo.

Hapa niseme jambo ambalo waandaaji wengi hatulifikirii. Tunakusanya watu tofauti, kisha tunawalazimisha wote kusema kwa mtindo mmoja: dakika kadhaa, peke yako, katikati ya jukwaa, ukitembea kidogo huku na huku. TED, mikutano ya hotuba fupi iliyoanzia Marekani, imeueneza mtindo huo duniani, na kikomo chao cha dakika 18, hasa tangu 2009 vikundi vya kijamii viliporuhusiwa kuandaa mikutano ya TEDx. Ni mtindo mzuri, lakini si wa kila mtu. Na TED wenyewe waliwahi kuuvunja kwa hekima. Juni 2007, katika mkutano wao wa Arusha, kijana wa Malawi aitwaye William Kamkwamba, mwenye miaka 19, aliyewahi kuacha shule kwa kukosa ada na kujenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme kwa vyuma chakavu na fremu ya baiskeli, hakuachwa peke yake mbele ya umati. Chris Anderson, kiongozi wa TED, alisimama naye, akamwuliza maswali mafupi, picha za kinu zikionekana nyuma yao. Kamkwamba akajibu kwa maneno machache. Alijaribu, akaweza: ndivyo alivyosema, na ukumbi ukamwelewa. Miaka miwili baadaye, huko Oxford, alisimama mwenyewe akasimulia habari yote. Nadhani ya pili isingekuja bila ile ya kwanza.

Mkunga wetu ametuomba kitu cha namna hiyo. Hataki kuhutubia, anataka kuulizwa. Basi tutaweka viti viwili, na mwanafunzi wa ukunga ndiye atakayemwuliza. Utambulisho wake ndio niliouandika mara nyingi kuliko yote. Mtoto akizaliwa bila kupumua, wakunga huiita dakika ile ya kwanza dakika ya dhahabu, kwa kuwa humo ndimo anamopaswa kusaidiwa. Nilimwuliza huwa anafanya nini na hofu yake ndani ya dakika hiyo. Alifikiri, akajibu kwamba hofu huja baadaye, akiwa njiani kurudi nyumbani. Basi siku hiyo nitasema hivi tu: "Mzungumzaji wetu anaujua urefu wa dakika moja kuliko sisi sote." Kisha jina lake, kisha nitoke.

Majina nayo. Nimewapigia wote watano nikawaomba wayatamke wenyewe, nikarekodi, nami nayarudia kila jioni hadi ulimi uyazoee. Mtu aliyekubali kuja kufungua moyo mbele ya wageni asianze kwa kunisahihisha.

Ninapoandika haya nimetoka kuzungumza na mtu wa sita. Nilikuwa nimeiahirisha simu hiyo muda mrefu. Fundi wa kujalidi vitabu aliipokea yeye mwenyewe, na nyuma yake nikasikia kitu kama nyundo ndogo ikigonga. Nilimwomba radhi kwa lile la siku ile. Hakusema imekwisha wala haijaisha. Aliuliza siku ni lini, akauliza ana dakika ngapi. Nikamwambia 15, kama wenzake.

"Utasema nini juu yangu?" akauliza.

Nikamwambia chochote atakachotaka.

"Sema jina langu," akasema, "na useme najalidi vitabu."

Bango litabidi lichapishwe upya.